Tiki Iko, Mtoto Hayuko

Wasee wa gemu, kuna swali moja linanifikia kuliko mengine yote. Linakuja kwa WhatsApp, linakuja kwa TikTok, na kuna siku kijana alinisimamisha kwa stage nikingoja matatu ya Bungoma aniulize hilo hilo: "Nitaangalia aje kama objekti watoto wako hai ama wamezimwa?" Jibu ambalo watu hupewa ni mstari mmoja wa skripti. Nakili, bandika, songa mbele.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watanipinga: hilo si swali moja. Ni maswali mawili yamevaa shati moja. Kama hujajua unauliza lipi, hata ukipata jibu sahihi bado gemu yako itakudanganya. Na nikimaliza hiyo ya gemu nitawaambia kwa nini naona kosa hilo hilo likifanyiwa watu wenye damu.

Tuanze na wale wageni. Ukitengeneza gemu kwa Unity, kila kitu unachokiona ni objekti: pikipiki, mti, taa, mtu. Objekti inaweza kuwekwa chini ya nyingine, hapo ya juu inaitwa mzazi na ya chini inaitwa mtoto. Ukisogeza mzazi, watoto wote wanasonga naye. Kila objekti ina kisanduku kidogo karibu na jina lake. Ukiweka tiki, iko hai. Ukitoa tiki, imezimwa: haionekani, haigongani na kitu, na skripti zake zinaacha kupigiwa Update.

Sasa sikiza vizuri. Mzazi akizimwa, watoto wote wanazimika pamoja naye. Lakini tiki ya mtoto haitoki. Iko palepale. Mtoto anasema "mimi niko hai", na kwa skrini hayuko. Ndiyo maana Unity inakupa maneno mawili. La kwanza ni activeSelf, na linauliza: tiki ya huyu mtoto mwenyewe iko? La pili ni activeInHierarchy, na linauliza: huyu mtoto yuko hai kweli kwa gemu, ukihesabu mzazi wake, babu yake, na wote walio juu mpaka mwisho? La pili likisema ndiyo, la kwanza lazima pia liseme ndiyo. La kwanza likisema ndiyo, la pili linaweza kukataa.

Kukhu wangu hajawahi kugusa kompyuta lakini hii kitu anaielewa kuliko wengi wetu. Stima ikipotea usiku, hakimbilii balbu. Anafungua mlango, anasimama nje, anaangalia kwa jirani. Kwa jirani kukiwa na taa, anajua shida ni ya nyumba yetu: token zimeisha ama kuna kitu kimekatika. Kwa jirani kukiwa na giza, anarudi ndani analala. Swichi ya chumba chake iko chini, imewashwa, na hilo halisaidii chochote kwa sababu aliyezimwa ni wa juu.

Mnakumbuka Agosti 25, 2023? Stima ilipotea karibu nchi nzima usiku huo, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Mamilioni ya swichi zilikuwa zimewashwa. activeSelf kila mahali: ndiyo. activeInHierarchy: hapana. Kama ungeingia nyumba kwa nyumba ukihesabu swichi, ungeandika ripoti kwamba Kenya yote inawaka.

Na kuna kitu kingine mnakijua wote. Stima ikirudi saa nane usiku, redio uliyoacha imewashwa inaanza kupiga kelele yenyewe. Ile taa uliyozima kabla haijapotea, haiwaki. Nyumba imekumbuka. Unity ndivyo inavyofanya: mzazi akiamka, mtoto mwenye tiki anaamka, na asiye na tiki anabaki amelala. Hiyo kumbukumbu ni ya maana sana, na nitairudia.

Sasa tuje kwa gemu yenyewe. Kijana mmoja wa hapa Mabanga, bado yuko sekondari, alinitumia mradi wake. Wazo lake ni tamu: wewe ni mwendesha boda, unabeba wateja kutoka stage ya Mabanga unawapeleka Bungoma mjini kabla mvua ya saa tisa haijamwagika. Stage ni mzazi. Wateja 6 ni watoto wake. Ukimbeba mteja, objekti yake inazimwa. Wote 6 wakizimwa, umeshinda levo, na stage ya Webuye inafunguka.

Ujumbe wake ulisema hivi: "Brathe, gemu inaniambia nimeshinda na sijabeba mtu hata mmoja."

Nikaifungua. Nikacheza dakika mbili, sikuona shida. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha gemu nijibu simu. Paap! Umeshinda. Sasa tukajua. Ili menyu ionekane safi, alikuwa anazima stage yote wakati wa kusimamisha gemu. Na skripti yake ya kuhesabu wateja ilikuwa inauliza activeInHierarchy. Stage ikizimwa, wateja wote 6 wanajibu "hapana, hatuko hai". Skripti inasikia: wote wamebebwa. Gemu ikampa ushindi mtu ambaye hajawasha hata pikipiki.

Wateja walikuwa bado wanangoja. Tiki zao zilikuwepo. Hakuna aliyewauliza wao. Dawa ilikuwa neno moja:

public Transform stage;

bool WoteWamebebwa()
{
    foreach (Transform mteja in stage)
    {
        if (mteja.gameObject.activeSelf) return false;
    }
    return true;
}

Soma hiyo kama Kiswahili cha kawaida. Pitia kila mteja aliye chini ya stage. Ukipata hata mmoja ambaye tiki yake iko, acha kuhesabu, sema bado. Ukifika mwisho bila kupata yeyote, sema wote wamebebwa.

Hapo ndipo watu wengi huandika "kwa hivyo tumia activeSelf kila wakati". Hapana. Gemu hiyo hiyo ilikuwa na mshale juu ya skrini unaoonyesha mteja aliye karibu. Stage ya Webuye haijafunguliwa, mzazi wake amezimwa, lakini wateja wake wana tiki zao tayari wakingoja siku yao. Mshale ukiuliza activeSelf, utakutuma Webuye kwa barabara tupu, utafute mtu ambaye hayuko. Mshale unataka kujua nani yuko barabarani sasa hivi. Huo lazima uulize activeInHierarchy. Gemu moja, wateja wale wale, maswali mawili, na ukiyabadilishana yote mawili yanaharibika.

Kabla sijaendelea, kuna mitego minne ambayo nataka mwiandike mahali, kwa sababu inakula usiku wa watu.

Mtego wa kwanza: aliyelala hajiamshi. Ukiweka skripti ya kuangalia wateja juu ya stage yenyewe, ndani ya Update, stage ikizimwa mwangalizi naye amelala. Hataona kitu. Kama alikuwa ameanzisha korutini, hiyo nayo inakatika, na ukiiwasha tena stage haiendelei yenyewe. Mwangalizi mweke kwa objekti nyingine ambayo haizimwi. Yule kijana wetu hapa alikuwa sawa, alikuwa na objekti inaitwa Msimamizi.

Mtego wa pili: huo mzunguko unapitia watoto tu, haufiki kwa wajukuu. Kama mteja amebeba mzigo na mzigo ni mtoto wake, mzigo hauhesabiwi. Ukitaka ukoo wote, kuna GetComponentsInChildren, lakini nayo ukiiita hivi hivi inaruka waliozimwa. Lazima uipe true ndani ya mabano ndiyo ihesabu na waliolala.

Mtego wa tatu: GameObject.Find haiwaoni waliozimwa. Unamwita kwa jina, jina ni sahihi, herufi ni sahihi, inakurudishia patupu. Unaanza kudhani umefuta kitu. Hujafuta. transform.Find ya mzazi inaweza kumpata mtoto wake hata akiwa amezimwa, kwa hivyo pitia kwa mzazi.

Mtego wa nne: stage tupu. Kama stage haina mteja hata mmoja, ile skripti yetu inasema wote wamebebwa. Kihesabu ni kweli, hakuna aliyebaki. Lakini hukubeba mtu. Angalia kwanza kama childCount ni zaidi ya sifuri. Na usiulize swali hili kila fremu. Uliza pale tu mteja anapobebwa. Watu wetu wanacheza kwa simu ndogo, si kwa mitambo ya kuchimba bitcoin.

Sasa historia kidogo, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inasimama.

Zamani Unity haikuwa na maneno mawili. Kulikuwa na neno moja tu, active. Kila objekti ilikuwa na hali yake, na kuzima mzazi hakukuzima watoto. Ukitaka kuzima familia nzima, ulikuwa unatumia SetActiveRecursively, ambayo ilipita ikigonga swichi ya kila mmoja mpaka chini. Shida ilikuja wakati wa kuwasha. Iliwasha wote. Hata wale uliokuwa umewazima kwa sababu zako. Wateja waliokwisha kubebwa wanarudi kwa stage kama mizimu. Neno lilikuwa moja, kwa hivyo hapakuwa na mahali pa kuweka kumbukumbu ya kila mtoto alikuwa aje kabla.

Unity 4 ilipotoka Novemba 2012, wakabadilisha. Hali ya mzazi ikaanza kushuka kwa watoto, SetActive ikachukua nafasi, na lile neno moja likagawanywa mara mbili. Fikiria hiyo kazi: wahandisi waliangalia neno wanalotumia kila siku wakasema, hili neno linabeba vitu viwili tofauti, na kwa sababu hiyo watu wanaumia.

Nilipoisoma hiyo historia nilikaa kimya, kwa sababu mimi najua mfumo ambao bado una neno moja.

Chuo nilichokuwa nasoma kilikuwa na tovuti ya wanafunzi. Ukiingia, juu kabisa kuna hali yako: hai, au si hai. Basi. Muhula wangu wa mwisho pale nilikuwa nahudhuria kila darasa, nimefanya kila zoezi, kuna wasee nilikuwa nawafundisha jioni. Karo haikuwa imeisha kulipwa. Siku moja hali yangu ikageuka: si hai. Jina likatoka kwa orodha ya mtihani. Mwalimu mmoja akaniangalia kwa ile orodha, akaniuliza mbele ya darasa kwa nini nimeacha masomo. Sikuwa nimeacha. Tiki yangu ilikuwa mahali pake. Kilichozimwa kilikuwa juu yangu. Lakini mfumo ulikuwa na kisanduku kimoja, na ukiwa na kisanduku kimoja, asiyeweza na asiyetaka wanaandikwa neno moja.

Sijaandika hii ndiyo mnihurumie. Niko sawa, natengeneza video, nalipa kodi ya nyumba. Naandika kwa sababu hilo neno moja linatembea kila mahali. "Vijana wa siku hizi wamelala." Pita hapa Mabanga saa nne asubuhi utaona vijana wamekaa kando ya barabara, na kuna mtu atapita na gari aseme hilo neno. Labda mmoja wao amelala kweli. Na mmoja ana cheti cha ufundi wa umeme, vifaa viko kwa begi, na kazi haijaitwa. Aliye kwa gari ameuliza activeInHierarchy, akapata hapana, akaandika kwamba tiki haiko.

Halafu kuna wale wa kutupa moyo. Amka saa kumi! Jiamini! Washa moto wako! Wasee, kwa Unity unaweza kumwita mtoto SetActive(true) mara elfu moja huku mzazi wake amezimwa. Unajua kitatokea nini? Tiki itawekwa. Hutaona maandishi mekundu, hutaona onyo. Na mtoto hataonekana. Hapo ndipo mtu anaanza kujilaumu, kwa sababu amefanya kila alichoambiwa na hakuna kosa lililoandikwa mahali.

Lakini sitaki mtoke hapa na kisingizio, kwa sababu mlango unafunguka pande zote mbili. Mzazi akiwa hai, hiyo haimaanishi mtoto yuko hai. Kuna wasee wana laptopu, wana stima, wana data, nyumbani wanalipiwa kila kitu, na tiki yao wenyewe haiko. Huyo ukimwambia shida ni serikali unamdanganya. Ndiyo maana nasema maswali ni mawili. Ukiuliza la juu peke yake, kila mtu ni mhanga. Ukiuliza la mtoto peke yake, kila mtu ni mvivu. Zote mbili ni uvivu wa anayeuliza.

Mtu atasema, "Wewe unaongea Unity tu." Sawa. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza ada mpya iliyokuwa inahesabiwa kwa kila mara gemu inapowekwa kwenye kifaa, na watengenezaji dunia nzima wakapandwa na hasira. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2024, wakaifuta. Katikati hapo kuna watu walihamia Godot, ambayo ni ya bure na leseni yake ya wazi iko tangu 2014. Miradi yao haikuwa na kosa hata moja. Aliye juu ndiye alitingisha. Na walipofika Godot walikuta nini? Objekti ina visible, na ina is_visible_in_tree(). Ya kwanza inauliza tiki ya mtoto. Ya pili inauliza ukoo wote mpaka juu. Hata kule maswali ni mawili. Ila chungeni: Godot ukificha kitu, skripti yake haisimami. Kufichwa na kulala ni mambo tofauti kule, na kulala kunashughulikiwa na process_mode.

Kwa hivyo ukitaka ushauri wangu, ni huu. Kabla ya kuandika ule mzunguko, chukua karatasi uandike kwa Kiswahili, kwa sentensi kamili, unachotaka kujua. "Nataka kujua kama mteja ameshabebwa." Hiyo ni ya mtoto mwenyewe, activeSelf. "Nataka kujua kama mteja anaonekana barabarani sasa." Hiyo ni ya ukoo, activeInHierarchy. Sentensi ikikataa kukaa upande mmoja, basi bado hujajua unachotaka, na hakuna skripti itakusaidia.

Na kitu kikikataa kuonekana, usianze kumfuta mtoto na kumtengeneza upya. Panda juu kwanza. Mzazi, babu, mpaka mwisho wa ukoo. Mara nyingi utapata kisanduku kimoja kule juu hakina tiki. Ukiiweka, wote waliokuwa tayari wanaamka wenyewe, kila mmoja kama alivyokuwa, bila wewe kumgusa hata mmoja.

Yule kijana amemaliza levo ya Webuye. Sasa anatengeneza ya Kitale na anataka kuweka matope. Mimi nimemwambia mteja asiyetaka kushuka kwa matope ahesabiwe bado hajafika. Tunabishana.